Kumbukumbu za matengenezo ya gari lililotumika

Kumbukumbu za matengenezo ya gari (pia: historia ya sevisi) ni jumla ya maandishi yanayoonyesha gari limefanyiwa matengenezo gani, lini, wapi, na lilikuwa limetembea kilometa ngapi wakati huo. Zinaweza kuwa daftari lenye mihuri ya wakala wa kampuni iliyotengeneza gari, rekodi katika kompyuta ya wakala huyo, risiti za gereji na za maduka ya spea, au kijitabu alichoandika mwenye gari kwa mkono wake.

Kwa mnunuzi wa gari lililotumika, swali kuu ni kama inafaa kulipa zaidi kwa ajili ya gari lililotunzwa na wakala rasmi. Katika Afrika ya Mashariki swali hilo lina sura yake, kwa sababu magari mengi ya watu binafsi hayakununuliwa mapya hapa. Yameletwa yakiwa mtumba, hasa kutoka Japani, na daftari la huko mara nyingi halifiki pamoja na gari.

Sababu ya kumbukumbu kuwa na thamani

Muuzaji wa gari lililotumika anajua mambo ambayo mnunuzi hayajui: kama injini iliwahi kuchemka, kama oili ilibadilishwa kwa wakati, kama gari lilipata ajali na kunyooshwa bodi. Mwaka 1970 mwanauchumi Mmarekani George Akerlof alichapisha makala iliyotumia soko la magari yaliyotumika kama mfano wa tatizo hilo. Alionyesha kwamba wanunuzi wasipoweza kutofautisha gari zima na gari bovu, hutoa bei ya wastani kwa yote. Mwenye gari zuri huona bei hiyo haimtoshi akajiondoa sokoni, na mabovu ndiyo yanayobaki. Akerlof alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001 pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz.

Kumbukumbu za matengenezo hupunguza pengo hilo la habari. Kuliziba lote haziwezi, lakini humpa mwenye gari zuri njia ya kuthibitisha anachosema, na mnunuzi hupata kitu cha kupima badala ya kutegemea maneno ya dalali.

Yanayotokea gari lisipotunzwa

Sehemu nyingi za gari huharibika polepole bila dalili inayoonekana siku ya mauzo.

Oili ya injini hupoteza uwezo wake wa kulainisha kutokana na joto, masizi na vumbi. Kwa magari mengi madogo mafundi wa Tanzania huibadilisha kila kilometa 5,000 hivi, na oili za sintetiki huweza kwenda mbali zaidi kufuatana na maelekezo ya mtengenezaji. Gari lililokaa muda mrefu na oili ileile hujaza uchafu mzito ndani ya injini, njia za oili huziba, na mwisho injini hunoki. Mtu anaweza kumwaga oili chafu na kuweka mpya asubuhi ya siku ya mauzo. Kijiti cha oili kitaonyesha rangi safi, lakini madhara ya miaka iliyopita yamo ndani bado.

Mkanda wa taimingi, kwa injini zenye mkanda, hubadilishwa kwa kawaida karibu na kilometa 100,000. Ukikatika, katika injini nyingi pistoni hugonga valvu na gharama yake hukaribia ile ya kununua injini nyingine. Injini nyingi za Toyota za miaka ya 2000 na kuendelea hutumia cheni, ambayo hudumu zaidi lakini nayo hutegemea oili safi. Huwezi kuutazama mkanda kwa nje ukajua una kilometa ngapi. Ni maandishi tu yanayoweza kusema.

Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na kwa sababu hiyo watengenezaji wengi hushauri ibadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi. Iliyonyonya maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Dereva akishuka mlima mrefu huku amekanyaga breki, oili hiyo huweza kutoa mvuke ndani ya mabomba, na kanyagio huzama bila gari kusimama.

Maji ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kutu, oili ya gia boksi ya otomatiki na filta ya hewa, ambayo mafundi wengi huiita eakilina, yote yana muda wake.

Mazingira ya Kilimanjaro

Mkoa wa Kilimanjaro unaonyesha vizuri kwa nini maandishi yanapaswa kusomwa pamoja na mahali gari lilipofanya kazi. Chekereni, kijiji cha tambarare kilichopo kusini-mashariki mwa mji wa Moshi, kimo katika eneo la mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini. Mradi huo ulijengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987. Kituo cha Mafunzo ya Kilimo Kilimanjaro (KATC), kilichoanzishwa mwaka 1994 kwa ushirikiano na Shirika la Maendeleo ya Kimataifa la Japani (JICA), kipo hapohapo. Wakati wa kiangazi barabara za vumbi hujaza filta ya hewa haraka, na wakati wa masika tope huingia katika beringi, bushi na breki. Kenta inayosomba magunia ya mpunga kutoka mashambani huchoka kwa namna tofauti na gari dogo linalotembea kwenye lami mjini, hata kama odometa zao zinasoma sawa.

Kilometa chache kutoka hapo ardhi hupanda. Mji wa Moshi upo kwenye kimo cha mita 800 hadi 900 hivi juu ya usawa wa bahari, na geti la Marangu la Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro lipo juu ya mita 1,800. Gari linalopanda kila siku kwenda Marangu, Machame, Kibosho au Old Moshi hutesa rejeta na gia boksi wakati wa kwenda, na breki wakati wa kurudi. Mwezi Desemba familia nyingi za Wachagga huendesha zaidi ya kilometa 500 kutoka Dar es Salaam kwenda kula Krismasi nyumbani, halafu hupandisha magari yaliyojaa watu na mizigo kwenye barabara za vijijini. Katika safari kama hiyo oili ya breki iliyosahauliwa miaka 6 inaweza kugharimu maisha ya watu.

Watengenezaji wengi huorodhesha vumbi, mizigo mizito, milima na safari fupifupi kuwa matumizi magumu, na kwa magari hayo hupunguza muda kati ya sevisi moja na nyingine. Kwa hiyo daftari linaloonyesha sevisi kila kilometa 10,000 linaweza kuwa zuri kwa gari la barabara kuu, lakini pungufu kwa gari la Chekereni.

Wakulima wa eneo la umwagiliaji hukutana na suala hilohilo katika matrekta na pawatila. Mashine hizo hupimwa kwa saa za kazi badala ya kilometa, na oili ya injini ya trekta mara nyingi hubadilishwa kila baada ya saa 250 hivi. Mashine isiyo na daftari la saa ni vigumu kuikadiria, kwa kuwa injini inaweza kufanya kazi siku nzima ndani ya jaruba moja bila kwenda mbali.

Magari kutoka Japani

Nchini Japani gari jipya la abiria la mtu binafsi hufanyiwa ukaguzi wa lazima wa serikali, uitwao shaken, baada ya miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2. Gharama za ukaguzi na matengenezo yanayoambatana nao huwafanya wenye magari wengi kuuza kabla ya tarehe ya ukaguzi unaofuata. Ndiyo sababu mojawapo ya nchi hiyo kuuza nje magari mengi ambayo bado yana uhai.

Gari la Japani huwa na kitabu cha kumbukumbu za matengenezo, lakini kina taarifa za mwenye gari, nacho mara nyingi huondolewa kabla ya kuuzwa nje. Hata kinapobaki, kimeandikwa Kijapani. Badala yake mnunuzi wa Tanzania anaweza kutafuta nyaraka mbili.

Ya kwanza ni karatasi ya mnada. Magari mengi hupitia minada ya wafanyabiashara, ambako mkaguzi wa mnada huyapa alama za hali ya gari na za ndani, huchora mikwaruzo na mabonde kwenye picha ya gari, na huandika usomaji wa odometa. Daraja la R au RA humaanisha gari lililotengenezwa baada ya kuharibika fremu au sehemu kuu. Usomaji unaotiliwa shaka huwekewa alama maalumu. Mtu anayeagiza gari kwa njia ya mtandao anaweza kumtaka muuzaji ampe nakala ya karatasi hiyo. Muuzaji anayekataa bila sababu naye ametoa habari.

Ya pili ni cheti cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha nje. Cheti hicho huonyesha namba ya chasisi, mwezi na mwaka wa usajili wa kwanza, na husaidia kulinganisha kilometa.

Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani huwa na namba fupi ya chasisi inayoanza na alama ya modeli, kwa mfano SR40 kwa Toyota TownAce Noah za zamani au NZE121 kwa Corolla fulani. Namba hiyo haina tarakimu 17 zinazotumika Marekani na Ulaya, na kwa sababu hiyo huduma nyingi za kutafuta historia ya gari za nchi hizo hazisaidii.

Herufi za namba ya usajili

Tanzania Bara gari la mtu binafsi huwa na namba yenye herufi T, tarakimu tatu na herufi tatu. Herufi hizo hufuatana kwa kadiri magari yanavyosajiliwa, na ndiyo maana wauzaji husema gari ni "namba D" au "namba E", na bei hupanda kwa herufi iliyo mbele zaidi. Herufi huonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania. Hazionyeshi lini lilitengenezwa wala lilitunzwaje. Gari la namba E linaweza kuwa limetengenezwa mapema kuliko la namba D, kama liliingia nchini likiwa na miaka mingi zaidi.

Hata hivyo herufi zina msaada mmoja. Zinaonyesha kwa makadirio gari limekaa miaka mingapi kwenye barabara za Tanzania, na kwa hiyo mnunuzi anapaswa kuona kumbukumbu za miaka mingapi kutoka kwa wenye gari wa hapa. Gari lenye miaka 7 nchini na risiti moja ya wiki iliyopita lina pengo la miaka 7.

Nchi jirani hutumia umri kama kichujio. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8, kufuatana na kiwango KS 1515. Uganda tangu mwaka 2018 imezuia magari yenye miaka 15 au zaidi. Tanzania haikuweka marufuku ya namna hiyo, bali hutoza ushuru wa ziada kwa gari lenye umri zaidi ya miaka 8. Umri ni kipimo rahisi kwa afisa wa forodha, lakini hausemi gari lilitunzwaje.

Wakala rasmi, gereji binafsi na karakana za serikali

Magari yanayonunuliwa mapya nchini Tanzania ni hasa ya serikali, mashirika, miradi ya wafadhili na makampuni. Baadhi hupata sevisi kwa wakala wa kampuni, kama Toyota Tanzania. Magari ya serikali yana utaratibu wa kutengenezwa kupitia Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA), wenye karakana mikoani. Magari hayo yanapomaliza muda wake huuzwa kwa mnada. Mnunuzi wa mnada anaweza kupata gari lililo na jalada la matengenezo, lakini pia huenda limepita mikononi mwa madereva wengi na kwenye barabara mbaya.

Faida za wakala rasmi ni hizi:

- Hutumia spea halisi na oili ya kiwango kilichotajwa na mtengenezaji.
- Ana vifaa vya kompyuta na maelekezo ya kiufundi ya modeli husika.
- Hupokea matangazo ya kampuni kuhusu kasoro zinazorekebishwa bure.
- Rekodi yake hubaki kwenye kompyuta, na ni vigumu kuighushi kuliko muhuri wa daftari.

Mipaka yake nayo ipo. Muhuri huthibitisha kwamba gari lilipokelewa, lakini hauthibitishi kwamba kila kazi ilifanywa vizuri. Gharama ni kubwa, na mwenye gari wa kijijini humfuata wakala mbali. Fundi mzuri wa gereji binafsi, hasa aliyesomea chuo cha VETA na kuijua modeli moja kwa miaka mingi, anaweza kufanya sevisi ya kawaida kwa ubora uleule. Huko Ulaya na Marekani sheria zilikwisha kutambua jambo hilo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1975 kuhusu dhamana za bidhaa inamzuia mtengenezaji kufuta dhamana kwa sababu tu mteja alitumia gereji nyingine.

Kinachokosekana kwa mafundi wengi wa mtaani ni kuandika. Gereji bubu hubadilisha mkanda wa taimingi, hupokea fedha taslimu, na kazi hiyo haiachi alama yoyote. Miaka mitatu baadaye mnunuzi hana njia ya kujua, na kwa usalama hulazimika kuubadilisha tena. Mwenye gari aliyefanya kazi ya kweli hupoteza bei kwa kukosa karatasi.

Kwa hiyo kumbukumbu za wakala zina uzito mkubwa katika hali chache: gari likiwa bado ndani ya dhamana, likiwa na mfumo tata kama haibridi, dizeli ya kisasa yenye turbo au gia boksi ya CVT, au likiwa la aina ambayo mafundi wa mkoa huo hawaizoei. Kwa Corolla au Noah ya kawaida, mfululizo wa risiti za gereji binafsi zenye tarehe na kilometa una thamani inayokaribia daftari la wakala, na unazidi daftari lenye mihuri miwili ya mwanzo na kimya baadaye.

Mifuko ya hewa na magari yasiyofikiwa na mwito

Jambo moja ambalo fundi wa kawaida hawezi kulitambua kwa macho ni kasoro ya kiwandani. Mfano mkubwa ni mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani, iliyofilisika mwaka 2017. Kemikali ya kujaza mifuko hiyo huharibika kwa miaka katika joto na unyevunyevu. Mfuko unapofunguka, kopo lake la chuma linaweza kupasuka na kumrushia dereva vipande vya chuma. Makumi ya mamilioni ya magari ya kampuni nyingi yaliitwa kurudishwa duniani kote ili mifuko ibadilishwe bila malipo.

Mwito huo huenda kwa mwenye gari aliyesajiliwa katika nchi gari lilipouzwa likiwa jipya. Gari likishavuka bahari kama mtumba, barua haimfikii mwenye gari wa Moshi wala wa Tanga. Kampuni kama Toyota zina ukurasa wa Kijapani wa kutafuta kwa namba ya chasisi kama gari lina mwito ambao haujatekelezwa, na wakala wa nchini anaweza kuulizwa. Hapa rekodi ya wakala ina faida ambayo risiti za gereji haziwezi kuifikia.

Udanganyifu wa kilometa na mihuri

Odometa ya kidijiti hurudishwa nyuma kwa kifaa kidogo cha kompyuta. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilikadiria kwamba magari zaidi ya 450,000 huuzwa huko kila mwaka yakiwa na usomaji wa uongo, ingawa sheria ya mwaka 1972 imekataza. Ubelgiji iliweka mfumo wa Car-Pass mwaka 2006, ambapo kila gereji hutuma usomaji wa odometa kwenye hazina moja ya taarifa.

Mahali pasipo na hazina hiyo, mnunuzi hulinganisha mwenyewe. Kilometa zinatakiwa kupanda kutoka risiti hadi risiti bila kurudi nyuma. Kikaratasi cha oili kilichobandikwa ndani ya boneti au mlangoni huonyesha kilometa za sevisi iliyopita. Usukani uliong'aa, kiti cha dereva kilichobonyea na mpira wa kanyagio ulioisha havilingani na kilometa 60,000. Mihuri yote yenye wino uleule na mwandiko uleule, kwa sevisi zinazodaiwa kuwa za miaka 5, hutia shaka. Njia nyepesi ni kupiga simu kwa gereji iliyotajwa na kuuliza.

Udanganyifu huo una upande wa kisheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ya Tanzania inakataza mfanyabiashara kupotosha wateja. Sheria ya Mauziano ya Bidhaa humlinda kwa kiasi anayenunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa hizo, lakini mnunuzi aliyekagua gari hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Anayenunua kwa mtu binafsi ana ulinzi mdogo zaidi, na hivyo maelezo ya muuzaji kuhusu kilometa na matengenezo ni afadhali yaandikwe katika mkataba wa mauzo.

Gari lisilo na kumbukumbu

Gari lisilo na maandishi si lazima liwe bovu. Bei yake ndiyo inayopaswa kubeba mashaka. Utaratibu unaotumika ni kulipeleka kwa fundi asiyehusiana na muuzaji wala dalali, kuliwasha injini ikiwa baridi, kulipima kwa kompyuta, kuangalia chini kama lina kutu au uchomeleaji, na kulijaribu kwenye mpando na kwenye mteremko. Mikoani Kilimanjaro na Arusha mteremko haupatikani kwa shida.

Mnunuzi huhesabu pia gharama ya kuanza upya: oili zote, filta zote, oili ya breki, maji ya rejeta, plagi, na mkanda wa taimingi kama upo. Jumla hiyo hupunguzwa kwenye bei. Kama muuzaji ana risiti za kazi hizo, punguzo hilo halina msingi, na hapo ndipo thamani ya karatasi huonekana kwa shilingi.

Baada ya kununua, mwenye gari mpya anaweza kuanzisha kumbukumbu zake kwa daftari la kawaida: tarehe, kilometa, kazi iliyofanyika, aina ya oili au spea, gharama, na jina la gereji, pamoja na risiti zilizobandikwa. Daftari hilo humkumbusha sevisi inayofuata, na siku ya kuuza humsaidia kutetea bei yake.